CD-i, CDTV, 3DO na wenzake: tusipime prosesa tu, tupime data inavyotoka kwenye diski

#1 Sekta75 (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu wote.

Mjadala wa mashine za zamani zilizocheza diski kwenye TV kabla ya DVD huwa unaharibikia palepale. Mtu anabandika jedwali: megahezi ngapi, RAM kiasi gani, rangi ngapi. Anamtangaza mshindi na uzi unafungwa. Kwa mashine hizi jedwali la namna hiyo linapotosha, na nitaeleza kwa nini.

CD-i ya Philips, CDTV ya Commodore na VIS ya Tandy zote zilisoma diski kwa kasi ya CD ya muziki, yaani takribani kilobaiti 150 kwa sekunde. Chochote ulichokiona kwenye skrini au kukisikia kwenye spika kilipita kwanza hapo. Kwa hiyo swali la kwanza la kuiuliza mashine ni hili: hizo kilobaiti 150 unazigawaje kati ya picha, sauti na maandishi, pale vyote vinapotakiwa kwa wakati mmoja? Megahezi zije baadaye.

Kwa vijana ambao hawakuzikuta: nazungumzia miaka ya 1991 hadi 1994. Commodore ya Marekani ilitoa CDTV mwaka 1991 kwa dola 999. Philips ya Uholanzi, iliyokuwa imeitangaza CD-i pamoja na Sony tangu 1986, iliingiza CDI 910 kwenye soko la Marekani mwishoni mwa 1991, Ulaya ikafuata 1992. Mwaka huohuo wa 1992 Tandy ikaleta VIS kupitia maduka yake ya Radio Shack. Oktoba 1993 Panasonic ikatoa FZ-1, mashine ya kwanza ya mfumo wa 3DO, kwa dola 699. CD-i, CDTV na VIS zilibeba ndoto moja: boksi linalofanana na deki, linakaa chini ya TV sebuleni, halina kibodi, familia inashika rimoti inasoma ensaiklopidia na kutembelea makumbusho, na jioni boksi hilohilo linapiga CD za muziki.

Nianze na CDTV na CD-i, hizo mbili zilizogombana mapema.

CDTV ukiifungua unakutana na Amiga 500, kompyuta ya nyumbani ya Commodore wenyewe. Prosesa ni Motorola 68000 ya megahezi 7 na kidogo, RAM megabaiti 1, mfumo ni ule wa Amiga toleo la 1.3. Commodore waliliacha jina la Amiga makusudi ili watu wasiione kama kompyuta. Chipu za picha ni zilezile: rangi 32 kwenye skrini katika hali ya kawaida, au rangi zote 4,096 katika hali inayoitwa HAM. Kuna spraiti 8, yaani vipicha vidogo vinavyosogezwa juu ya skrini na chipu yenyewe, na blita, ile saketi inayohamisha vipande vya picha bila kuisumbua prosesa. Sauti ni chaneli 4 za biti 8, ukiacha CD yenyewe.

CD-i ina prosesa ya Philips, SCC68070, ya megahezi 15 hivi. Hapa ndipo jedwali linapoanza kudanganya. Mtu anaona 15 dhidi ya 7 anahitimisha kwamba CD-i ina nguvu mara mbili. Sivyo. Prosesa hiyo inaelewa amri zilezile za 68000, lakini amri nyingi inazimaliza kwa mizunguko mingi zaidi, kwa hiyo sehemu kubwa ya hiyo ziada inaliwa hapohapo. Tena CD-i haina blita wala spraiti. Ina kishale kimoja cha pikseli 16 kwa 16, basi. RAM yake ni megabaiti 1 pia, ila imegawanywa katikati: nusu kwa tabaka moja la picha, nusu kwa tabaka la pili. Mtengeneza michezo anayetaka kurusha vitu 20 kwenye skrini angechagua CDTV bila kufikiri mara mbili.

Sasa njooni kwenye diski.

CD inayozunguka kwa kasi ya kawaida inatoa sekta 75, yaani vipande 75 vya data, kila sekunde. Diski ya CDTV ni CD-ROM ya kawaida: kila sekta ina baiti 2,048 za data, na zinazobaki ni za kulinda data isiharibike. Green Book, ambayo ndiyo kanuni ya CD-i, ilifanya jambo tofauti. Sekta zake ni za aina mbili. Fomu 1 ina baiti 2,048 zenye ulinzi kamili, kwa ajili ya programu na maandishi, ambako herufi moja ikipotea kuna tatizo. Fomu 2 haina tabaka hilo la ulinzi na inabeba baiti 2,324, kwa ajili ya picha na sauti, ambako kosa la baiti moja jicho halitaligundua. Hapo tayari umepata zaidi ya asilimia 13 bila kubadilisha mota wala lenzi.

Kilichonivutia zaidi ni kwamba kila sekta ya CD-i ina kichwa kidogo kinachojitambulisha: mimi ni sauti ya chaneli ya 3, mimi ni picha, mimi ni data. Saketi inasoma kichwa hicho na kupanga. Sekta ya sauti inakwenda moja kwa moja kwenye chipu ya sauti, prosesa haiguswi. Na sauti yenyewe imebanwa kwa njia ya ADPCM yenye ngazi tatu: A, B na C. Ngazi C ya mono inachukua sekta 1 tu kati ya kila 16. Maana yake mtu anazungumza mfululizo, na wewe una sekta 15 kati ya 16 za kuleta picha mpya. Ukipenda, weka chaneli 16 za maelezo sambamba, kila moja lugha yake, mtazamaji achague. Ukijaza diski nzima sauti ya ngazi hiyo unapata zaidi ya saa 19.

Kwenye CDTV, ukipiga muziki kutoka kwenye diski kama CD, sekta zote 75 zimekwisha. Lenzi iko kwenye wimbo, haiwezi kuwa kwenye picha. Programu ililazimika kupakia picha kwanza, ndipo ianze muziki. Au iweke sauti za biti 8 kwenye RAM, na RAM yenyewe ni megabaiti 1 kwa kila kitu.

Ndiyo maana nasema CD-i ilibuniwa kuanzia kwenye diski kwenda kwenye prosesa, na CDTV ilibuniwa kinyume chake: kompyuta nzuri sana iliyoongezewa diski. Karibuni tujadili.

#2 AmigaDaima

Mkuu Sekta75, uzi umeshiba, lakini naomba nikupinge kwa heshima. Umeipunja CDTV.

Kwanza, hujataja CDXL. Carl Sassenrath, mmoja wa waliojenga mfumo wa Amiga tangu mwanzo, aliitengeneza hasa kwa ajili ya CDTV. Picha na sauti zinapangwa pamoja kwenye diski fremu kwa fremu, data inatiririka hadi kwenye RAM, chipu za Amiga zinaisoma papo hapo bila prosesa kufungua chochote. Kwa hiyo si kweli kwamba CDTV haikuwa na jibu la kuchanganya picha na sauti. Jibu lilikuwepo, liliandikwa kwenye programu badala ya kuchomwa kwenye chipu.

Pili, tupige hesabu ya picha moja iliyotulia. HAM ya pikseli 320 kwa 256 inatumia biti 6 kwa pikseli: baiti 61,440. Kwa baiti 153,600 kwa sekunde inaingia kwa sekunde 0.4. Picha ya asili ya CD-i, ile inayohifadhiwa kwa njia ya rangi iitwayo DYUV, ni pikseli 384 kwa 280 na biti 8 kila moja: baiti 107,520. Hata kwa sekta zako za Fomu 2 inahitaji sekunde 0.6 na zaidi. Nani anamsubirisha mtazamaji?

Tatu, nyuma ya CDTV kuna nini? Tundu la printa, la modemu, la diski laini ya nje, la kibodi, tundu za MIDI (za kuunganisha vinanda vya elektroniki) kuingia na kutoka, na mbele kuna nafasi ya kadi ya kumbukumbu. Unanunua kifaa cha sebuleni. Ukiongeza kibodi, kipanya na drevu ya diski laini, una Amiga kamili ya kuandikia, kutungia muziki na kujifunzia programu. CD-i ya nyumbani itabaki kuwa CD-i hadi siku inakufa.

#3 Sekta75 (mleta uzi)

AmigaDaima, umeleta hoja za maana, nazijibu moja moja.

Hesabu yako ya picha ni sahihi. Ila tuseme pia unachokipata kwa hizo sekunde 0.4. HAM inabadilisha sehemu moja tu ya rangi kila inapohama pikseli, kwa hiyo kwenye ukingo mkali unaona mchirizi wa rangi isiyokuwepo. DYUV nayo inahifadhi tofauti kati ya pikseli na jirani yake, kwa hiyo ina udhaifu wa jamaa moja: maandishi meusi juu ya karatasi nyeupe yanapakaa. Lakini kwa sura ya mtu, anga au mchoro wa rangi, DYUV inakaribia picha iliyochapishwa kwenye gazeti zuri, na HAM yenye rangi 4,096 haifiki hapo. Na kwa sababu CD-i ina matabaka mawili, maandishi unayaweka kwenye tabaka la mbele kwa njia nyingine ya rangi, picha inabaki nyuma, na saketi inayaunganisha, hata kuififisha picha moja ndani ya nyingine. Watengenezaji wa diski za makumbusho walilitumia jambo hili vizuri kabisa.

CDXL naiheshimu. Lakini fuata hesabu yake hadi mwisho. Chukua kidirisha cha pikseli 160 kwa 100 katika HAM: baiti 12,000 kwa fremu. Kwa fremu 12 kwa sekunde ni baiti 144,000. Zimebaki 9,600 za sauti, yaani sauti ya biti 8 inayofanana na simu. Umemaliza diski yote kwa kidirisha ambacho hakifiki robo ya skrini. CDXL haibani kitu, inapanga tu. Ni upangaji wa hali ya juu, lakini kilobaiti hazikuongezeka.

Hoja ya tatu nakuachia. Kama familia ilikuwa na pesa ya kifaa kimoja tu, CDTV yenye kibodi ilikuwa na manufaa mengi zaidi. Kinachonisikitisha ni kwamba Commodore wenyewe waliificha faida hiyo, wakaenda kupigana na Philips kwenye uwanja wa Philips.

#4 mgeni_wa_mitaa

Wakuu, mimi sikuzikuta hizi mashine. Naomba kuuliza swali la mwanzo kabisa: kwa nini hawakuweka video ya kujaza skrini tangu 1991? Diski ina megabaiti 600 na zaidi, si ilitosha?

#5 Sekta75 (mleta uzi)

Swali zuri sana, na ndilo kiini cha mambo yote haya.

Nafasi kwenye diski ilitosha. Kasi ya kuitoa ndiyo haikutosha. Chukua fremu ya pikseli 352 kwa 288, baiti 3 kwa pikseli, fremu 25 kwa sekunde: ni baiti 7,603,200 kila sekunde. Fomu 2 ya CD-i inatoa 2,324 mara 75, yaani 174,300. Unatakiwa kuibana video zaidi ya mara 43, halafu uifungue kwa wakati huohuo kwenye TV, kwa chipu ambayo mtu wa kawaida anaweza kuilipia. Mwaka 1986 walipoandika kanuni ya CD-i, chipu hiyo haikuwepo.

Philips waliipata presha mapema. Mwaka 1987 watafiti wa RCA huko Marekani walionyesha hadharani mfumo wao wa DVI, uliocheza video ya skrini nzima kutoka kwenye CD. CD-i ilikuwa haijafika hata dukani na tayari ilionekana imepitwa. DVI baadaye iliishia mikononi mwa Intel na haikuwa mashine ya sebuleni, lakini tangu hapo Philips walijua kwamba bila video kamili hawataaminika.

Jibu lilikuja kwa jina la MPEG-1, njia ya kubana video. Mwaka 1993 Philips walitoa katriji ya video ya kidijitali: unaichomeka kwenye tundu la upanuzi la CD-i, ndani yake kuna chipu za kufungua MPEG pamoja na RAM ya ziada. Sasa tazama namba za Video CD, kanuni iliyotoka mwaka huohuo. Video inachukua biti 1,150,000 kwa sekunde, sauti 224,000. Jumlisha, gawa kwa 8: baiti 171,750. Linganisha na zile 174,300. Inaenea kwa kubanana kabisa. Waliipima video ili iingie kwenye sekta 75 za diski ya kasi ya kawaida, ndipo filamu ya dakika 74 ikakaa kwenye diski moja.

Na hapa kuna uhusiano na kwetu ambao watu wengi wameupita bila kuuona. Wangapi humu waliwahi kufungua VCD ya filamu ya Kibongo au ya Kihindi kwenye kompyuta miaka ya 2000? Uliona folda ya MPEGAV na ndani yake faili la AVSEQ01.DAT. Pembeni yake, kwenye diski nyingi, kulikuwa na folda iitwayo CDI. Watu waliifungua, hawakuelewa vilivyomo, wakaendelea na filamu. Ile folda ni ya programu ya CD-i, imewekwa ili mashine ya Philips yenye katriji iweze kuicheza diski hiyo. Deki ya VCD iliyojaa kuanzia Kariakoo hadi River Road ni mjukuu wa CD-i: imebakiza lenzi, sekta za Fomu 2 na chipu ya MPEG-1, ikatupa prosesa, mfumo na menyu. Mtu alitaka filamu, na filamu ndiyo aliyopewa.

#6 fundi_deki

Nimefurahi kuona mada hii. Niongeze upande wa fundi, kwa sababu naona mnazungumza karatasi tu.

CD-i nyingi zina chipu ya saa na kumbukumbu, ile inayohifadhi mipangilio na alama za michezo. Betri yake imefungwa ndani ya chipu yenyewe. Betri ikifa, na sasa nyingi zimekufa, mashine inasahau kila kitu ukiizima, na baadhi ya diski zinakataa kuendelea kwa sababu hazipati mahali pa kuandika. Suluhisho ni kubadilisha chipu, au kuikwangua juu kwa uangalifu hadi ufikie miguu ya betri na kuunganisha betri ya nje ya sarafu. Ni kazi ya mkono uliotulia. Ukikwangua kwa pupa umekata waya na chipu imekwenda.

CDTV yenyewe ina kero nyingine: diski haiwekwi kwenye trei. Unaiweka kwanza ndani ya kasha la plastiki, halafu unasukuma kasha lote ndani. Kasha linalinda diski dhidi ya vidole na vumbi, hilo nakiri ni zuri kwa mazingira yetu. Lakini ukinunua CDTV isiyo na kasha, umenunua boksi la kutazama.

Na tafadhali, ukiagiza mashine kutoka Marekani kumbuka umeme wao ni volti 120. Ukichomeka kwenye 230 ya kwetu bila transfoma, pawa saplai inaungua papo hapo. Vilevile picha yake itakuwa ya NTSC, mfumo wa TV za Marekani. Zilizouzwa Uingereza na Uholanzi ni za PAL, mfumo wa TV uliotumika kwetu, na umeme unaoendana na wetu, ndizo za kutafuta.

#7 Pikseli_Laki

Mbona mnaizungumzia 3DO kama mgeni aliyechelewa harusini? Ndiyo pekee iliyotatua tatizo hilo mnalolilia. Drevu yake inasoma kwa kasi maradufu, kilobaiti 300 kwa sekunde. Prosesa ni ARM60 ya biti 32, megahezi 12.5. RAM megabaiti 2 za kawaida na megabaiti 1 ya picha. Chipu mbili maalumu za kuchora, zinazoweza kupinda na kunyoosha picha kwa pembe yoyote. Hata pedi zake zinaungana moja nyuma ya nyingine hadi 8, na ile ya FZ-1 ina tundu la hedifoni. Kwa maunzi, CD-i na CDTV hazikai meza moja nayo.

#8 Sekta75 (mleta uzi)

Mkuu Pikseli_Laki, kwa maunzi sikupingi hata kidogo. 3DO ni mashine ya kizazi kingine, na kasi maradufu ndiyo hatua muhimu kuliko ARM yenyewe. Ukipewa sekta 150 badala ya 75, video iliyofunguliwa kwa programu kama Cinepak inaanza kutazamika bila katriji yoyote. Commodore nao walilijua hilo: CD32 yao ya 1993 ilikuja na drevu ya kasi maradufu, 68EC020 ya megahezi 14 na megabaiti 2 za RAM. Ila Aprili 1994 kampuni ikafilisika, hadithi ikakatika.

Lakini angalia tarehe na bei. CD-i na CDTV ni za 1991. 3DO ni ya Oktoba 1993. Miaka miwili wakati ule ilikuwa mingi sana kwa bei za chipu. Na ile dola 699 ilitokana na namna biashara ilivyopangwa. Kampuni ya 3DO ya Trip Hawkins haikutengeneza mashine. Ilitoa leseni kwa Panasonic, GoldStar na Sanyo, na yenyewe ikachukua dola 3 kwa kila diski ya mchezo. Mwenye kutengeneza mashine hakupata chochote kwenye michezo, kwa hiyo alilazimika kupata faida yake kwenye boksi. Sega na Nintendo waliweza kuuza mashine kwa bei ya chini wakijua pesa itarudi kwenye michezo. Panasonic hakuwa na pa kuirudishia.

CD-i ilikuwa na leseni pia, na faida yake ilikuwa uhakika: diski yoyote ya Green Book isiyohitaji ile katriji ya video inacheza kwenye mashine yoyote ya CD-i, iwe ya Philips, Sony au GoldStar, kama CD ya muziki inavyocheza popote. Gharama ya uhakika huo ni kwamba mashine ya msingi haikuruhusiwa kusogea. Mtu wa 1995 alinunua msingi uleule wa miaka ya 80. Kwa maoni yangu hilo liliiumiza CD-i kuliko prosesa yake.

#9 dada_wa_maktaba

Samahani, kaka Sekta75, mwanzoni umeitaja VIS ya Tandy halafu ukaiacha njiani. Na LaserActive ya Pioneer je?

#10 Sekta75 (mleta uzi)

Ahsante dada kwa kukumbusha.

VIS sina mengi ya kuisifia. Ndani ni kompyuta ya 286 ya megahezi 12, RAM megabaiti 1, na Windows iliyopunguzwa ikakaa kwenye ROM. Drevu ni ya kasi ya kawaida. Bei ilikuwa dola 699. Haikuwa na saketi ya kupanga sekta kama CD-i, wala chipu za picha na sauti kama za Amiga. Kila kitu kilipita kwenye prosesa ambayo mwaka 1992 tayari ilikuwa ya zamani, huku ikibeba Windows mgongoni. Wazo lake lilikuwa kwamba watengenezaji wa programu za Windows watahamishia kazi zao kirahisi. Walihamisha chache, na mtumiaji akasubiri sana kila alipobofya.

LaserActive ni jambo jingine kabisa, na kwenye mada yetu inastahili heshima yake. Ilitoka 1993, modeli ya CLD-A100, dola 970, na bado ulitakiwa kununua moduli ya Sega au ya NEC kwa dola 600 hivi kila moja ili ucheze michezo. Bei hiyo ilikuwa ya kutisha. Lakini video yake haikupita kwenye kilobaiti 150! LaserDisc ya sentimita 30 inabeba picha kama mawimbi ya analogi, skrini nzima, fremu zote, bila kubana wala kufungua. Sehemu ya kidijitali ilibeba programu na data tu. Mwaka ambao Philips walikuwa wanauza katriji ya MPEG, Pioneer walikuwa na video safi kuliko wote kwa teknolojia ya miaka ya 70. Ubaya ni upande mmoja kujaa kwa saa moja, na diski kubwa kama sahani ya LP.

#11 AmigaDaima

Hapo kwenye LaserActive tunakubaliana. Swali langu la mwisho kwa leo: ukipewa CDI 910 yenye katriji na CDTV yenye kibodi, zote nzima, unachukua ipi?

#12 Sekta75 (mleta uzi)

Nachukua CDI 910, na sababu ni Photo CD. Kodak na Philips waliitoa 1992: unapeleka mkanda wa picha studio, unarudishiwa diski ya picha 100 hivi, kila moja katika saizi tano kuanzia pikseli 192 kwa 128 hadi 3,072 kwa 2,048. CD-i inazionyesha kwenye TV moja kwa moja. Diski moja ya picha za familia, iliyotengenezwa wakati kompyuta nyingi za nyumbani zilionyesha rangi 256 tu, ikiwa na saizi kubwa kuliko TV za HD zilizokuja baadaye. Nikiwa na mashine ya kuzisoma diski hizo, nitazitafuta popote zilipo.

Wewe CDTV utaifaidi zaidi yangu, mkuu. Ila kabla hujailipia, muulize muuzaji kama lile kasha alilolitaja fundi lipo.

#13 fundi_deki

Na kwa CDI 910, mwambie muuzaji aiwashe, aweke saa, aizime, achomoe waya, aiwashe tena. Saa ikiwa imepotea, betri ya chipu imekufa. Mpunguze bei ya matengenezo.